Bombolulu, Ng'ambo ya Daraja la Nyali

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda Malindi hana budi kuvuka daraja la Nyali. Daraja la kwanza mahali hapo lilifunguliwa mwaka 1931. Lilikuwa likielea juu ya maji, na wavukao walilipa ushuru. Daraja la sasa ni la saruji, tena la juu. Lilifunguliwa mwaka 1980, na magari hupita juu yake mchana na usiku bila kukoma. Chini yake maji ya bahari huingia na kutoka kama yalivyofanya siku zote, na wavuvi hupita na ngalawa zao bila kutazama juu.

Akishuka ng'ambo ya pili, msafiri hafiki mbali kabla ya kufika Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wazee husimulia kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya wanakijiji wakati majahazi ya wafanya biashara ya watumwa yalipoonekana baharini. Watu waliokaa pale walikuwa wamekwisha hesabiwa kuwa mali ya wengine. Walipopewa mahali pa kukaa na kufundishwa kazi, wakawa waashi, maseremala na walimu.

Mbele ya Kengeleni, katika barabara hiyo hiyo, pana mahali pengine palipowekwa kwa ajili ya watu ambao wenzao waliwahesabu vibaya. Hawa hawakuhesabiwa kuwa mali, bali kuwa hasara. Mahali hapo huitwa Bombolulu.

KARAKANA NA MAFUNDI WAKE

Mgeni aingiaye Bombolulu mara ya kwanza, akiwa ameambiwa kwamba ni mahali pa walemavu, hutazamia kuona hospitali, au nyumba ya kutunzia maskini. Haoni hata moja katika hizo. Kitu cha kwanza asikiacho ni mlio wa nyundo.

Humo karakana watu wameketi kwenye meza za kazi. Mmoja hukata bamba la shaba kwa msumeno mwembamba kama uzi. Mwingine huligonga mpaka lipate umbo la jani au la samaki. Wa tatu hulisugua mpaka ling'ae. Wengine hutunga mikufu kwa shanga na mbegu za miti. Penye nguo, mafundi hutia chapa za rangi juu ya vitambaa, na wenzao wa cherehani huvishona. Wako wachongao mti, na wako washonao ngozi. Magongo ya kutembelea yameegemezwa ukutani nyuma ya wenyewe, kama mkulima aegemezavyo jembe lake mlangoni anapoingia kula.

Mtu akikaa kwa muda kidogo huanza kusahau magongo yale, akatazama mikono. Ni mikono ya watu waliokwisha ifanya kazi yao miaka mingi. Kitu kilichoharibika hurudishwa kwa aliyekitengeneza, naye hukitengeneza upya, wala hapana amwoneaye huruma kwa hilo. Fundi wa Bombolulu hulipwa kwa kazi yake, na kazi mbaya haiuziki.

Kwa muda mrefu walifanya kazi hapo watu zaidi ya 100, na vitu vyao viliuzwa kwa watalii na kupelekwa ng'ambo. Kando ya karakana palijengwa kituo cha utamaduni, chenye nyumba zilizojengwa kwa namna ya makabila mbalimbali ya Kenya, ili mgeni ajaye kununua mkufu apate pia kuona jinsi watu walivyojenga na kuishi. Baadhi ya mafundi wamekaa humo humo kiwanjani na jamaa zao. Na katika jambo hilo ndimo ilimo habari kubwa ya Bombolulu. Wengi wa mafundi hao waliwahi kuwa watoto waliosemwa nyumbani kwao kwamba hawatafaa kitu. Wamekua, wameoa na kuolewa, na mishahara yao imelipa karo za watoto wao na kununua sukari ya wazazi wale wale waliokata tamaa juu yao.

UGONJWA ULIOWALETA

Bombolulu ilianzishwa mwaka 1969 na chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo nchini Kenya, kijulikanacho kwa herufi zake za Kiingereza APDK. Chama chenyewe ni kikongwe kuliko taifa: kiliundwa mwaka 1958, miaka 5 kabla ya Uhuru. Siku zile adui mkubwa wa miguu ya watoto alikuwa polio, na mafundi wengi wa Bombolulu waliletwa pale na ugonjwa huo.

Polio huletwa na virusi viingiavyo kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa. Watoto wengi wavipatao hawaugui sana; baadhi yao hushikwa na homa ya siku chache, kisha hurudi kucheza. Lakini mmoja katika kila 200 hivi hupooza, na kupooza huko hakuponi. Mtoto aliyelala akiwa mzima huamka mguu umelegea kama kamba. Mama humsimamisha, naye huanguka. Humsimamisha tena, naye huanguka tena.

Polio haigusi akili. Mtoto yule alibaki na fahamu ile ile waliyokuwa nayo ndugu zake, na mikono ile ile, ila hakuweza kutembea mwendo wa saa moja kwenda shule. Kwa kuwa hakufika shuleni, hakusoma. Kwa kuwa hakusoma, hakupata kazi. Na kwa kuwa hakupata kazi, majirani walisema kwamba hana akili. Mlolongo huo wote ulianzia katika mguu mmoja, nao ungaliweza kukatwa mahali popote: kwa chuma cha kuutegemeza mguu, kwa jozi ya magongo, kwa baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono, au kwa bweni karibu na darasa. Kuukata mlolongo huo ndiko kulikuwa kazi ya chama.

Chanjo ya sindano ilitangazwa Marekani mwaka 1955, na ile ya matone ikafuata baada ya miaka michache. Mwaka 1980 serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuwachanja watoto wote nchini. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili iliyokuwa ikienea humu nchini alionekana mwaka 1984. Tangu hapo ugonjwa umeingia mara kadha kutoka nje. Mwaka 2013 watu 14 waliugua katika upande wa Dadaab. Mwezi wa Agosti mwaka 2020 ilitangazwa rasmi kwamba Bara la Afrika limeepukana na virusi vya asili vya polio. Hata hivyo, virusi vya namna nyingine, vitokanavyo na vile vilivyodhoofishwa kwa ajili ya chanjo, huweza kuenea mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, navyo vimeonekana Kenya baada ya hapo. Kwa hiyo mzazi amwonaye mchanjaji akija nyumba kwa nyumba na sanduku lake la baridi asimfungie mlango. Mchanjaji yule ndiye aliyewapunguzia watengeneza magongo kazi yao.

NENO NA MTU

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Maana yake ni kwamba hakuna ajuaye umbo atakaloondoka nalo duniani. Aliye na miguu miwili leo aweza kuwa na mmoja kesho. Ingawa methali hiyo yajulikana kila mahali, majina waliyopewa walemavu hayakuwa ya watu wanaokumbuka hivyo. Waliitwa kiwete, kilema, kiziwi, kipofu. Msomaji akiyatazama maneno hayo ataona kuwa yameanza kama yaanzavyo kiti, kisu na kikapu. Ni kweli kwamba kijana na kiongozi nao huanza hivyo, wala hapana awadharauye. Lakini neno huchukua harufu ya mahali lilipotumiwa, na maneno yale yalitumiwa sana kwa kucheka, kwa kutisha watoto, na kwa kumwita mtu kutoka mbali badala ya kumwita kwa jina alilopewa na babake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imesema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa kwa namna isiyomshusha. Huenda mwingine akaona kuwa jambo la kuitwa ni dogo mno kuandikwa katika sheria kuu ya nchi. Na aende Bombolulu akasikilize watu wanavyoitana. Huko fundi huitwa fundi.

WATOTO WA SIKU HIZI

Kupungua kwa polio hakukumaliza kazi. Kumeigeuza. Watoto waletwao siku hizi kwenye kliniki za walemavu, katika miji na katika vijiji zinakopelekwa kwa magari, wana shida za namna nyingine. Wako waliozaliwa nyayo zimepinda ndani. Wako waliozaliwa na mgongo wazi, au wenye maji kichwani. Na wako wengi wenye mtindio wa ubongo, ambao ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa kwa kukosa pumzi, au baadaye kwa manjano makali ya uchanga, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani.

Idadi yao si ndogo. Wataalamu wa utafiti wa tiba walioko Kilifi waliwachunguza watoto wa miaka 6 hadi 9 katika vijiji vya sehemu hiyo, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba katika kila watoto 1,000, watoto 61 walikuwa na udhaifu wa ubongo au mishipa ya fahamu usioweza kuitwa mdogo. Hesabu hiyo ni kama watoto 6 katika shule ndogo ya watoto 100. Mkulima asomaye habari hizi na auhesabu mtaa wake. Ikiwa hawaoni watoto hao njiani, yampasa ajiulize wako wapi.

Mara nyingi wamo ndani. Si kwa sababu wazazi hawawapendi. Mwingine huona haya. Mwingine ameambiwa kwamba ni shetani, au ni laana ya ukoo, au ni dhambi ya mama. Mwingine humficha mtoto ili asichekwe, akidhani kwamba anamlinda. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto alazwaye mgongoni juu ya mkeka siku nzima hukakamaa viungo. Apewaye uji amelala hupaliwa, na uji ukiingia mapafuni humletea kichomi. Kile alichofichiwa si kikubwa kama kile apatacho kwa kufichwa.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Njia ya kuelekea Malindi hupita Mtwapa na kufika Kilifi, na hapo iko njia nyingine iachayo bahari na kupanda bara kwenda Ganze. Kadiri mtu aendavyo ndivyo minazi ipunguavyo, na vichaka vya miiba huongezeka. Mvua ya huko haina ahadi. Na tumfikirie mama wa upande huo aliyejifungua mtoto mwenye nyayo zilizopinda, kama wazaliwavyo watoto wengi nchini. Kwa hesabu ya waganga, ni mtoto mmoja hivi katika kila 1,000.

Ulemavu huo waweza kurekebishwa karibu wote, tena bila upasuaji mkubwa. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alianza kuitengeneza njia yake tangu miaka ya 1940, ingawa wenzake wengi walichelewa kumsikiliza. Mganga huunyosha mguu wa mtoto mchanga kwa mikono yake, polepole, kidogo tu, kisha huufunga kwa plasta. Baada ya juma moja plasta huondolewa, mguu huongezwa kunyoshwa, na plasta nyingine hufungwa. Baada ya plasta 5 au 6, mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo ili kisigino kishuke, na plasta ya mwisho hukaa kwa majuma 3. Kisha mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, na baadaye usiku tu, mpaka afikapo umri wa miaka 4 hivi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hapana mahali ambapo methali hiyo ni ya kweli zaidi kuliko katika mguu wa mtoto wa majuma mawili.

Sasa na tuhesabu kama ahesabuvyo mama yule. Majuma 6 ni safari 6 za kwenda na safari 6 za kurudi. Kila safari ni bodaboda mpaka barabara kuu, na matatu mpaka hospitalini. Siku aendayo hospitalini hapalilii shamba, wala hauzi mkaa, na watoto wengine nyumbani humngoja. Plasta yenyewe ikiwa ni ya bure, nauli si ya bure. Juma la tatu mguu umeanza kunyoka, na mama huona kwamba inatosha. Majuma mawili baadaye mvua hunyesha, na kupanda hakungoji. Mguu ulioachwa hurudi ulivyokuwa. Ndipo watu husema kwamba dawa ya hospitali haifai.

Na viatu vyenye chuma navyo vina vita vyao. Mtoto hulia usiku. Nyanya yake, ambaye hakuona kitu kama hicho maishani mwake, humwambia mkwewe, "Mama, mvue mtoto hivyo vyuma, mnamtesa bure." Mkwe hawezi kumjibu mamake mume kwa ukali. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wa kliniki wenye busara hawamfundishi mama peke yake. Humwomba aje na nyanya, au na baba wa mtoto, nao huwaonyesha mguu kabla ya plasta na baada ya plasta. Nyanya aliyeona kwa macho yake huwa mlinzi wa viatu kuliko askari.

MAMA NA MZIGO WAKE

Mtoto mwenye nyayo zilizopinda hutembea na kuisahau kliniki. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo haponi, husaidiwa. Jambo hilo ndilo gumu kuliko yote kumwambia mzazi, na mara nyingi mzazi akiisha ambiwa huendelea kutafuta atakayemwambia vingine. Huuza mbuzi, kisha ng'ombe, akipeleka fedha kwa kila asemaye kwamba anaweza. Wako akina baba walioondoka nyumba ilipofika hapo. Mama hubaki na mtoto mgongoni, na mtoto huyo hukua. Mtoto wa miaka 8 asiyetembea ni mzito kama gunia dogo la mahindi, na gunia hilo halitui jioni.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika, wenye kazi hii katika nchi nyingi wamejifunza kwenda kijijini badala ya kungoja watu waje mjini. APDK nayo imeifuata njia hiyo. Mfanyakazi huketi uani pamoja na mama, na vitu atumiavyo ni vile vilivyopo. Miti miwili huchimbiwa sambamba chini ya mwembe, kimo cha mikono ya mtoto, ili ashike na kujifunza kusimama. Kiti cha kona hutengenezwa kwa mbao na fundi wa hapo kijijini, ili mtoto aketi wima na kuona wenzake wakicheza. Mama huonyeshwa namna ya kumbeba asikakamae, namna ya kumlisha akiwa ameketi, na namna ya kumnyosha mikono anapomwogesha. Mambo hayo hayana miujiza. Lakini mtoto aliyeketi huona mlango, na aliyeuona mlango huanza kutaka kutoka.

Jambo lingine lililofaa sana ni vikundi vya wazazi. Mama aliyedhani kwamba ni yeye peke yake katika tarafa nzima hukutana na wenzake 10 au 15. Huweka fedha kidogo kila mkutano, wakanunua kuku, au wakakodi shamba, au wakasaidiana nauli za kliniki. Anayesafiri huwaachia wenzake mtoto wake, naye hana wasiwasi, maana wanajua jinsi ya kumlisha. Mara nyingi baba aliyekimbia maneno ya watu hupata nguvu ya kurudi aonapo kwamba mkewe haoni haya tena.

SHULE

Mji wa Mombasa una shule ya watoto walemavu wa viungo huko Port Reitz, na nyingine ya watoto wenye mtindio wa ubongo, iitwayo kwa jina la Tom Mboya. Tangu mwaka 1984 serikali imeweka vituo vya kupima watoto wenye ulemavu, ili ijulikane kila mmoja afaa kusoma shule ya namna gani. Na tangu mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali imeondolewa. Kwa hiyo mlango umefunguliwa.

Lakini mlango uliofunguliwa wenye ngazi tatu mbele yake bado umefungwa kwa mtoto wa kiti cha magurudumu. Choo chembamba kisichoingia kiti hicho humfanya msichana asinywe maji tangu asubuhi, ili asihitaji kwenda. Barua ya serikali haiwezi kumwaga saruji ya mteremko. Kazi hiyo ni ya kamati ya shule, na gharama yake mara nyingi haizidi mifuko michache ya saruji na siku moja ya waashi. Makarani na wakulima wakaao katika kamati hizo ndio wenye uwezo wa kuamua.

FEDHA NA KESHO

Vyama vya namna hii havina hazina isiyokauka. Huishi kwa michango ya marafiki wa ndani na wa ng'ambo, kwa ada ndogo za wawezao kulipa, na kwa mauzo ya vitu kama vile vya Bombolulu. Mfadhili wa ng'ambo huweza kugeuza shauri lake kwa barua moja. Mtalii naye ni kama ndege wa msimu. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Kenya tangu mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Agosti, na kila mtu wa pwani aliyeuza kwa wageni alijua maana ya meza iliyojaa vitu bila mnunuzi. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mahali panapotegemea mkono wa mbali hapana budi kuutafuta na mkono wa karibu.

Mkono huo wa karibu si lazima uwe na fedha nyingi. Mwenye duka aweza kumwajiri karani atembeaye kwa magongo. Bibi arusi wa Kisauni aweza kununua mkufu wa Bombolulu badala ya ule uliotoka mbali. Dereva wa matatu aweza kungoja kidogo wakati kiti cha magurudumu kinapokunjwa, wala asidai nauli ya abiria wawili. Mkunga aweza kuitazama miguu ya mtoto siku ile ile aliyozaliwa, na kumwambia mama aende hospitali juma hilo hilo, si mwaka ujao. Na jirani, ajuaye nyumba yenye mtoto asiyetoka nje, aweza kubisha hodi na kuketi, akamwuliza mama jina la mtoto.

Saa ya jioni ifikapo Bombolulu nyundo hunyamaza. Mafundi huchukua magongo yao ukutani, na wengine hupanda viti vyao vya magurudumu, wakaenda zao nyumbani au kituoni. Barabara ya Malindi wakati huo imejaa magari, na wasafiri warudio kisiwani hukaa dirishani wakiwa na haraka ya kulivuka daraja. Mmoja wao akitazama nje ataona watu waliochoka kwa kazi ya kutwa, wakiwa na mkate na paketi ya maziwa ya watoto wao.